Nilivyokuwa Waziri Mkuu wa Mfalme Washington: jioni mbili kwenye meza ya Mwalimu, Moshi

Shilingi 7,000 kwa kichwa. Humo mna kiti, chai ya maziwa yenye tangawizi, vitumbua viwili, na nchi nzima ya kutawala kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku. Nimelipa mara mbili mwezi huu na ya tatu nimeshaitanguliza, kwa hiyo anayesoma ajue mapema nimeegemea wapi.

Mahali penyewe ni chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja, ukitoka mnara wa saa unaelekea Kiboriloni. Mwenye meza ni mzee mmoja aliyestaafu kufundisha historia sekondari. Sote tunamwita Mwalimu. Hakutaka nimtaje jina wala niutaje mgahawa, maana chumba ni kidogo na wageni anawapata kwa kuambizana tu. Mchezo kautunga mwenyewe na kuutengeneza kwa mikono yake. Ubao ni plaiwudi ya ukubwa wa mlango, imepakwa rangi ya mafuta, imechorwa majimbo 13 ya Marekani kando ya bahari, New Hampshire juu, Georgia chini. Kadi kazichapa kwa Kiswahili na kuzifunika nailoni ngumu kama kitambulisho. Fedha ni buni kutoka kihamba chake, yaani shamba la ukoo, huko Old Moshi, punje moja ni dola milioni moja. Na katikati ya meza lipo taji la mringaringa, alilichonga fundi wa Majengo. Ni zito kuliko linavyoonekana.

Swali la mchezo ni moja: ingekuwaje kama George Washington, jemadari aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, angekubali kuwa mfalme?

Mwalimu hakuliokota swali hili hewani. Tarehe 22 Mei 1782 kanali mmoja wa jeshi la Marekani, Lewis Nicola, alimwandikia Washington barua. Wanajeshi walikuwa hawajalipwa, Kongresi haina fedha wala nguvu ya kukusanya kodi, na kanali akaona serikali ya namna hiyo haitafika popote; akamdokezea jemadari wake kwamba nchi ingefaa iwe na mfalme. Washington alimjibu siku ileile, kwa ukali, kwamba hakuna jambo katika vita vyote lililomuumiza kama kusikia fikra hiyo imo ndani ya jeshi lake. Mwalimu anaisoma barua taratibu, anakunywa chai, halafu anafunua kadi ya kwanza. Kwenye kadi hiyo jibu limegeuzwa. Jemadari amekubali. Kuanzia hapo mnachepuka kutoka barabara kuu na hakuna anayejua mtatokea wapi.

Viti ni saba: mfalme, waziri mkuu, na watano wanaoshika majimbo kwa mafungu. Siku ya kwanza nilipewa kiti cha Waziri Mkuu, ndiyo kusema nilikuwa Alexander Hamilton. Kwa kweli Hamilton hakuwahi kuwa waziri mkuu wa nchi yoyote. Alizaliwa kisiwa cha Nevis huko Karibi, akawa waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani kuanzia 1789 mpaka 1795. Ila Mwalimu hakukosea kumweka pale. Kwenye mkutano wa katiba kule Philadelphia, tarehe 18 Juni 1787, Hamilton alisimama akazungumza kwa saa nyingi, akaisifu serikali ya Uingereza kuwa ndiyo bora duniani, na akapendekeza mkuu wa nchi akae madarakani maisha yake yote maadamu ana mwenendo mwema. Mtu aliyesema hayo ukimpa mfalme wa kumtumikia, atakuwa ametua nyumbani.

Nilidhani kiti cha waziri mkuu chini ya mfalme ni kitu cha Wazungu. Kabla hatujatupa dadu, Mwalimu aliuliza mezani: nani anajua Tanganyika ilikuwa na malkia? Vijana wawili walicheka. Akawaambia wahesabu: uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Mwaka mzima katikati, mkuu wa nchi yetu huru alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Jenerali Richard Turnbull. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962, na Rashidi Kawawa akashika nafasi. Nimesoma historia mpaka kidato cha sita na tarehe hizo mbili nilizikariri, lakini sikuwahi kuziweka pamoja nikaona kilichokuwa kati yake. Kwa hilo peke yake elfu tatu kati ya elfu saba zangu zilikuwa zimesharudi.

Sasa hazina, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi yangu ni uhasibu wa chama cha akiba na mikopo na nimeshika daftari la madeni ya watu kwa miaka kumi na sita. Mchezo mwingi wa fedha ninaouona hauna fedha ndani yake. Huu wa Mwalimu unazo. Waziri Mkuu anakabidhiwa chupa ya buni iliyo tupu na kadi mbili za deni: takriban dola milioni 54 za taifa na takriban milioni 25 za majimbo. Hizo ndizo hesabu alizozikuta Hamilton wa kweli mwaka 1790. Pendekezo lake lilikuwa serikali kuu ibebe na deni la majimbo, iyaunganishe yote, ilipe kidogo kidogo kwa hati mpya, ili wenye fedha wawe na sababu ya kuitakia nchi uzima.

Ukisema hivyo mezani, Virginia anakasirika. Virginia wetu alikuwa fundi seremala wa Pasua, mtu mpole, lakini aliposhika ile kadi yake akainuka kabisa kwenye kiti. Jimbo lake limeshalipa sehemu kubwa ya deni. "Mimi nimejinyima nimelipa, dada. Kwa nini nimbebe mwenzangu aliyekaa?" Nilipata baridi mgongoni. Maneno hayo nayasikia kila mkutano mkuu wa mwaka, kutoka kwa mama wa Kibosho aliyemaliza mkopo wake wa mbolea, akimtazama jirani ambaye hajaleta hata rejesho la kwanza. Na siku zote jibu langu huwa refu na halimridhishi.

Kwa kweli, jambo hilo lilimalizwa mwaka 1790 kwa makubaliano: Virginia na wenzake wa kusini wakalegea kuhusu deni, na makao makuu ya nchi yakapelekwa mto Potomac, mlangoni kwao. Mimi sikuhitaji makubaliano. Nilikuwa na mfalme. Kuna kadi iitwayo Saini, Waziri Mkuu akiiomba na mfalme akikubali, kura za majimbo zinafutwa. Mfalme wetu alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Ushirika, akanipa saini kabla sijamaliza sentensi. Deni likapita. Buni zikaanza kuingia chupani. Nilijisikia vizuri, naeleza ukweli.

Mizunguko mitatu baadaye ikaja kadi ya ushuru wa pombe. Mwaka 1794 wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania waligoma kulipa ushuru wa wiski uliowekwa 1791, na Washington alikusanya wanamgambo karibu 13,000 kutoka majimbo ili kuwatuliza. Mezani nami nikaomba askari. Virginia akafunika vikombe vyake kwa kiganja, akakataa. Kusini naye akafunika. New England akaniuliza, "Kwani huna saini?" Sikuwa na la kusema. Mwalimu hakuandika popote kwenye kanuni kwamba anayetumia Saini ataadhibiwa. Ameacha tu watu wakumbuke. Huo ndio ufundi wa mchezo huu ninaouheshimu zaidi: adhabu haitoki kwenye kadi, inatoka kwa jirani uliyemkanyaga saa moja iliyopita.

Halafu inakuja kadi nyeusi ambayo haiwezi kuahirishwa, Desemba 1799. Mfalme anafariki. Washington alifariki tarehe 14 ya mwezi huo na hakuwa na mtoto wa kuzaa. Ufalme unamkuta kila mtu mikono mitupu.

Wagombea mezani ni watatu. Bushrod Washington, mtoto wa mdogo wake, jaji wa Mahakama Kuu ya nchi, ndiye aliyekuja kurithi shamba la Mount Vernon. George Washington Parke Custis, mjukuu wa mke wake Martha kwa ndoa ya kwanza, aliyelelewa hapohapo nyumbani tangu mchanga, ana miaka 18. Na mgeni, Prince Henry wa Prussia, ambaye mwaka 1786 baadhi ya wakubwa wa Marekani walifikiri kumwita aje atawale, naye hakuonyesha hamu.

Wachaga tulikuwa watano kati ya saba. Unaweza kukisia. Mzee mmoja wa Machame aliyeshika Pennsylvania alipiga meza: mtoto wa mke si wa ukoo, kihamba hakiendi kwa damu nyingine, apewe Bushrod. Mama wa New York akamjibu kwamba aliyekua jikoni kwako, ukamlisha, ukamtahiri, huyo ni wako kuliko mpwa aliyekuja na suti siku ya msiba. Mpare wetu alitaka mgeni, kwa sababu mgeni hana shangazi wa kumdai. Tulibishana dakika arobaini. Vitumbua vikapoa. Nimekaa vikao vya ukoo kugawa viwanja vya marehemu, na sauti zilikuwa zilezile, hata namna ya kuvua miwani kabla ya kusema neno zito. Mwisho majimbo yalipiga kura, matatu kwa mawili, Custis akavikwa taji.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya mchezo, na nilimwambia Mwalimu usiku uleule.

Virginia kila mzunguko anapata buni nne za mavuno ya tumbaku. Kusini anapata nne za mpunga. Kadi hazisemi nani amevuna. Nilikwenda nyumbani nikasoma kwenye simu mpaka saa saba. Sensa ya kwanza ya Marekani, mwaka 1790, ilihesabu watu wapatao milioni 3.9, na karibu 700,000 kati yao walikuwa watumwa. Mwaka 1799 pale Mount Vernon peke yake walikuwapo watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali ya Washington mwenyewe, na wosia wake uliagiza waachwe huru. Martha aliwaachia tarehe 1 Januari 1801. Wengi wa waliobaki walikuwa wa urithi wa ukoo wa Custis, na hao walikwenda kwa wajukuu. Yaani yule mtoto aliyelelewa nyumbani, tuliyemtetea kwa machozi, alirithi watu. Na sisi tumekaa na buni, punje kwa punje, hatukuwaweka mezani hata kama kadi moja.

Yupo mwanamke mmoja, Ona Judge. Alikuwa mtumishi wa Martha ndani ya nyumba ya rais kule Philadelphia. Mei 1796 alitoka akapanda meli mpaka New Hampshire. Washington alijaribu kumrudisha na hakufaulu. Alifariki 1848, bado kisheria ni mtoro, na hakurudi. Nimempelekea Mwalimu maelezo yake kwa maandishi, nikamwambia huyu anastahili kadi, na mfalme akiivuta apoteze kitu ambacho buni haziwezi kufidia. Nilimwambia pia kwamba katika mji ambao Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, mchezo wa kutawala usiowaonyesha waliotawaliwa haujakamilika. Alisikiliza bila kunikatiza. Akatoa daftari la kaunta akaandika. Mara ya pili nilipokwenda, mavuno ya Virginia yalikuwa na sentensi mpya chini yake kwa kalamu ya wino: "Yamevunwa na watumwa. Soma kwa sauti kabla ya kupokea." Fundi wa Pasua aliisoma kila mzunguko, na kila mzunguko sauti yake ilishuka. Kadi ya Ona Judge bado. Nitaidai.

Mengine ni madogo. Viti viwili vinayumba. Taa ni moja, na umeme ukikatika mnacheza kwa tochi za simu, kwa hiyo nenda na chaji. Kanuni ya mfalme kuvunja Kongresi imeandikwa kwa namna mbili tofauti kwenye kurasa mbili. Chai ni nzuri sana.

Mara ya pili nilikwenda na baba mdogo. Ana miaka 78, anaishi Kilema, na nilimpeleka kwa sababu ya jambo la kwetu. Babu yangu alikuwa mchili, yaani kiongozi wa mtaa chini ya Mangi. Thomas Marealle alichaguliwa Mangi Mkuu wa Wachaga mwaka 1951, na mwaka 1960 ikapigwa kura cheo hicho kikaondoka, akaja rais wa kuchaguliwa. Babu alipiga kura kiondoke. Kaka yake, waliopakana naye kihamba, alitaka kibaki, na mfereji wa maji uliokuwa wa wote wawili ukawa na zamu za kununiana kwa miaka mingi. Baba mdogo ndiye aliyetumwa kufungua maji. Hakuna aliyekuwa anamchukia Mangi Mkuu, anasema. Walichobishania ni kama kiti kile kinaweza kuwa na mlango wa kutokea.

Mwalimu alimwamkia, akampa kiti cha mfalme. Baba mdogo alilipokea taji, akaligeuzageuza, akauliza, "Mwalimu, hili likishakaa kichwani, linashukaje?"

Mwalimu akamsomea kanuni ya tisa. Mfalme anaweza kulivua wakati wowote, akilipeleka Annapolis na kuliweka mezani pa Kongresi. Ni pale ambapo Washington wa kweli, tarehe 23 Desemba 1783, alirudisha hati ya ujemadari aliyokuwa nayo tangu 1775, akapanda farasi kwenda nyumbani kula Krismasi. Mchezaji anayevua taji hapati alama yoyote. Miaka minne mchezo huu unachezwa, Mwalimu alisema, hakuna aliyewahi kulivua.

Mimi nilikuwa Hamilton tena. Safari hii sikugusa Saini. Niliketi na fundi wa Pasua nikamwahidi makao makuu mtoni Potomac, akanung'unika, akapiga hesabu zake, akakubali deni. Ilichukua muda mrefu mara tatu na ilinichosha. Ushuru wa wiski ulipokuja, vikombe havikufunikwa.

Kwenye mzunguko wa saba, kabla ya kadi nyeusi, baba mdogo alisimama. Hakuhutubia. Akavua taji, akazunguka meza kwa mkongojo wake mpaka upande wa Maryland, akaliweka juu ya Annapolis, akarudi kuketi na kuomba chai.

Mwalimu alikaa kimya. Kisha akafungua droo akatoa kadi za jamhuri. Zilikuwa kumi na moja tu, zimeandikwa kwa mkono nyuma ya kalenda za zamani, nyingine hazijaisha. Akaomba radhi kwamba hakutegemea zingehitajika. Kama unakwenda kwa ajili ya mchezo uliokamilika pande zote, basi jua upande huo haujakamilika. Sisi tulicheza hivyo hivyo, tukijaza mapengo kwa kukubaliana, mpaka saa nne na robo, na mwenye mgahawa alikuja mara mbili kuchungulia.

Kadi ya kwanza ya jamhuri ilisema: pasipo mfalme, Waziri Mkuu hana aliyemteua. Kiti changu kilikwisha palepale. Nikagombea. Fundi wa Pasua alinipa kura, na New England, watatu hawakunipa. Aliyeshinda ni mama wa New York. Nikavuta chupa ya hazina katikati ya meza, nikamwaga buni kwenye sahani ya vitumbua, nikazihesabu mbele ya wote, zilikuwa 43, naye akazihesabu upya kabla ya kupokea.